Mkasi wa Mama Shoto

Jumatatu, 3 Machi

Kwa mke wa baba,

Usishtuke, ni mimi. Niliapa sauti yangu hutaisikia tena, na simu zako sipokei, hilo halijabadilika. Lakini karatasi sikuiapia. Kwa hiyo soma, halafu fanya ninachokuambia.

Nataka mkasi wa mama yangu. Ule mkubwa, wa mashoto, wenye mpini mweusi uliochubuka pale panapokaa dole gumba. Mpe dereva wa lori la magodoro, anapita hapo kila wiki na karakana yetu ndiyo kituo chake cha mwisho. Usiutie kwenye mfuko wa plastiki kama samaki. Uzungushie kitambaa.

Sababu sina lazima ya kukupa, ila nakupa ili usiseme naleta jeuri. (Jeuri naileta, lakini na sababu ninayo.) Hapa karakana ya makochi tupo wanagenzi wawili, mimi na mwenzangu mmoja mrefu kama ngazi. Bosi wetu tunamwita Misumari, kwa sababu anafanya kazi na misumari mdomoni na anaweza kukutukana bila kuutema hata mmoja. Amesema mwisho wa Aprili anabaki mmoja wetu. Mtihani ni kukata kitambaa cha mistari cha kochi zima, na mistari ikutane kila kona. Kushona naweza. Kugonga naweza. Kukata sasa! Nikishika mkasi wao kwa mkono wa kulia, unatetemeka kama wa mlevi. Nikiuhamishia kushoto, kitambaa kinajikunja katikati, kinatafunwa, hakikatiki, maana mikasi yote ya hapa imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kulia. Nimezunguka mji mzima. Wanauza kila kitu, wa mashoto hawana. Wananicheka tu.

Na mkono wangu wa kulia unatetemeka kwa nini? Unajua. Ulinifunga wa kushoto kwa utepe wa pindo kwenye mguu wa meza, nikila, nikiandika, mpaka ukafa ganzi. Wa kulia ukajifunza kazi kwa woga, na mpaka leo unaogopa.

La mwisho. Juzi tulivunja kiti cha zamani cha kanisani, ndani ya kalio lake tukakuta kitabu kimetumika kama kijazio. Kamusi ya Kilatini! Haina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Misumari akasema tupa, nikaificha ndani ya blauzi. Sasa naisoma kila mchana wenzangu wakisinzia. Huwezi kutafuta neno unalotaka, maana yote yanaanza kwa Kilatini. Unayavua tu kama samaki. Nikakuvua wewe kwenye N. Mama wa kambo unaitwa noverca. Ndani yake mna novus, yaani mpya. Mgeni! Miaka yote hiyo umekaa, na Warumi bado wanakuona mgeni.

Binti wa marehemu


Ijumaa, 7 Machi

Wewe mtoto,

Barua imefika, inanuka gundi. Mkasi hauji.

Mkasi huo ndio unaokata sare za shule, mashuka ya zahanati, na gauni la kila bibi harusi wa mtaa huu, mnene kwa mwembamba. Ukiondoka mimi nikate kwa nini, kwa meno? Baba yako anatengeneza redio ambazo hata wenyewe wameshazisahau. Kinachoweka sufuria jikoni ni mkasi.

Halafu kuagiza watu umejifunzia wapi? "Fanya ninachokuambia." Hata shikamoo hakuna! Mama yako, Mungu amrehemu, hakupata muda wa kukufundisha. Mimi nilikufundisha, ukatema.

Eti mgeni. Nyumba hii nimeipaka chokaa kwa mikono yangu. Bati la jikoni lilipoezuliwa nilipanda mwenyewe na nyundo, baba yako kashika ngazi anatoa ushauri. Hao Warumi wako walikuwa wapi siku hiyo? Walinipokea msumari?

Na nikwambie kitu. Kama mimi ni mama wa kambo, basi na wewe ni mtoto wa kambo. Neno ni hilohilo moja, tumegawana. Usinirushie mimi kana kwamba kwako haligusi.

Mwambie huyo Misumari akununulie mkasi.

Mke wa baba yako


Jumatatu, 10 Machi

Kwa mke wa baba,

Shikamoo. Haya, umeipata. Ibandike ukutani.

Sasa nijibu: wewe mtu wa kulia, mkasi wa mashoto unakatia nini? Nakujua. Unaandika kwa kulia, unapika kwa kulia, na ulipokuwa unanichapa, ulikuwa mkono wa kulia, huo hasa naukumbuka vizuri. Mkasi wa mashoto ukishikwa kulia unasaga, unalegea kwenye skrubu, makali yanaliwa. Unauua! Kila siku unauua kitu cha mama yangu, kwa ubishi tu, ili kisije kwangu. Ndiyo maana chumba cha kushonea ulikuwa unakifunga na ufunguo unauning'iniza shingoni. Nilikuwa nasimama nje nasikia mkasi unagonga meza, ga, ga, ga, nalia, na wewe hufungui.

Na bado hujatosheka, ukachukua na jina. Mama alikuwa Mama Shoto kwa sababu alinizaa mimi, na Shoto ni jina alilonipa yeye alipoona nimeshika kijiko kama yeye. Siku hizi mtaa mzima unakuita wewe Mama Shoto. Umelirithi kama kanga kwenye kamba! Unamfunga mtoto mkono wa kushoto, halafu unatembea sokoni unaitikia Mama Shoto. Huoni hata haya.

Nimeuliza zaidi kuhusu jina lako. Kuna jamaa anauza vitabu vya mtumba nyuma ya stendi, ana kamusi za lugha zote, ananiacha nisome nikiwa nimesimama. Sikiliza. Wahispania wanasema madrastra. Waitalia, matrigna, na mtu akiona dunia imemkaba anasema dunia ni matrigna. Hayo yote yanatokana na mater, mama, ila wamemshonea mkia ili watu wajue si yeye. Wafaransa walikuwa na marâtre, likachacha mpaka likawa tusi, wakaliacha. Sasa wanasema belle-mère, mama mrembo. Wamekuogopa wakaamua kukusifia! Na kwenye kamusi yangu, nimerudi hapo kwenye N, chini kabisa kwa herufi ndogo: wapima ardhi wa Kirumi waliita noverca mtaro usiotoa maji vizuri. Mtaro! Uliochimbwa, upo, na maji hayaendi.

Nilicheka mpaka Misumari akanirushia sponji.

Tuma mkasi.

Shoto, mwenye jina


Ijumaa, 14 Machi

Wewe mtoto,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Sasa nisikilize wewe mtaalamu wa mitaro. Siku naingia nyumba hii nilikuja na mkono wa kulia uliokuwa unakata kitambaa bila chaki. Bila chaki! Uliza nilikotoka. Mkasi wangu ulibaki kwa fundi niliyekuwa namfanyia kazi, ulikuwa wake. Nikamwambia baba yako, nahitaji mkasi. Akasema, mkasi upo, wa nini mwingine? Akautoa kabatini, wa mama yako. Nikaushika kulia, ukatafuna suruali ya mwenyekiti wa mtaa, mwenyewe kasimama anatazama. Nikarudi ndani nikaushika kushoto.

Unajua kushika mkasi kwa mkono usio wako ukiwa mtu mzima? Mwaka mzima nilikata kama mtoto wa chekechea, ulimi nje. Nilijikata hapa na hapa, alama zipo. Nikifunga mlango ulidhani nakuficha nini? Nilikuwa naficha aibu. Mtoto wa mwenye mkasi yuko mlangoni, na mimi ndani napigana na mkasi wa mama yake.

Leo nakata kwa kushoto kuliko mtu yeyote unayemjua. Mkono wa kulia ndio umesahau. Mkasi wa dukani niliununua zamani sana nikaujaribu, ukawa unanitazama tu. Sasa nikikupa huo mmoja, nabaki na mikono miwili mibovu.

Hilo jina la Mama Shoto sikuliomba. Nimelikuta mlangoni kama paka, likaingia. Ningewafukuza majirani wote?

Na ule utepe. Nilifunga mimi, sikatai, vidole ni vyangu. Lakini aliyesema ufungwe, muulize. Anakula meza moja na mimi na sasa hivi anatafuta miwani iliyo kichwani kwake.

Mke wa baba yako


Jumatatu, 17 Machi

Baba,

Shikamoo. Swali moja. Ni wewe uliyesema mkono wangu wa kushoto ufungwe? Jibu kwa ndiyo au hapana, usinipige chenga kama kawaida yako.

Shoto


Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa goti. Kuna redio moja nimeipata, mbao tupu, sauti yake ukiisikia utalia.

Hayo mambo ya zamani hata sijui mmeyafukua wapi, wewe na mama yako mdogo mnajuana wenyewe. Mimi kwenye ugomvi wa wanawake simo.

Nilikuwa nikikuona umeshika kijiko kule kushoto, unapinda kiwiko hivi, ilikuwa kama marehemu amekaa pale anakula. Sikuweza kumeza. Mtu lazima ale.

Basi. Kuna mvua huko? Uvae viatu vya kufunika.

Baba yako


Jumatatu, 24 Machi

Kwa mke wa baba,

Nimemuuliza. Hakusema ndiyo. Alizungumzia redio, goti, kijiko na mvua, kwa hiyo ni ndiyo.

Sasa usidhani umepona. Ulichofanya ni kuniongezea, nilikuwa na mtu mmoja wa kumchukia, nimekuwa na wawili, na siku haijaongezwa hata saa moja. Yeye alisema, sawa. Wewe ndiye uliyekuwa na utepe. Ungeweza kusema hapana. Ungeweza kunifungulia akitoka. Ungeweza kuniambia, mwanangu, si mimi. Ulikaa kimya miaka yote, ukaniacha nikuchukie wewe, na sasa unanipa ukweli kama bili!

Unajua kilichoniuma kuliko chote? Ulijifunza kushoto mlango ukiwa umefungwa. Mimi niko nje nafundishwa kulia. Tulikuwa tunapishana ukutani, wapumbavu wawili, kila mmoja kapewa mkono wa mwenzake. Nikiwaza hivyo nacheka, halafu nataka kuvunja kitu.

Jana nimeharibu kitambaa cha mteja. Mistari ilikwenda kama nyoka. Misumari alitema misumari yote kwenye kiganja ili anitukane vizuri. Mwenzangu Ngazi alicheka kwa heshima, upande mmoja wa mdomo. Nikifukuzwa hapa sirudi nyumbani kwenu, nakwambia mapema. Nitalala kwa muuza vitabu, juu ya kamusi.

Ulisema neno ni moja tumegawana. Vizuri. Unajua kugawa, gawa basi na mkasi.

Shoto


Ijumaa, 28 Machi

Wewe Shoto,

Umesema nigawe. Nimegawa.

Kwenye kitambaa utakuta upande mmoja wa mkasi, wenye mpini mdogo wa dole gumba. Nimeufuta mafuta na kuunoa. Upande wa pili na skrubu viko hapa mezani kwangu, havitoki. Dereva wa lori ameniuliza hiki ni kisu cha nini, nikamwambia ni nusu ya ugomvi.

Ukitaka kukata, njoo. Nyumba unaijua. Mlango wa chumba cha kushonea siku hizi haufungwi, kitasa kilishakufa.

Wa upande wa pili


Ijumaa, 4 Aprili

Kwa wa upande wa pili,

Hahahaa! Ulidhani umenikamata! Siji.

Nilipofungua kitambaa nilipiga kelele mpaka mteja akainuka kwenye kochi. Nusu ya mkasi! Mtu gani anatuma nusu ya mkasi? Nikatembea nao mtaa mzima umefichwa kwenye gazeti kama jambazi, nikaenda kwa mhunzi anayetengeneza visu vya machinjioni. Mzee mmoja mweusi kwa moshi, hasikii vizuri, anaongea na chuma zaidi kuliko na watu. Akaugeuza, akaulamba (aliulamba kweli!), akasema chuma kizuri hiki. Nikamwambia nataka mwenzake. Akauliza mwenzake yuko wapi. Nikasema kafa.

Kachukua springi ya gari, kapasha, kafua, kapinda, kila mara anaulaza juu ya ule wa mama anasugua, anasikiliza kwa kidole. Leo nimeuchukua. Upande mmoja wa mama, upande mmoja mpya unaong'aa, skrubu mpya. Mkasi mzima! Nimekata nao turubai, sponji na ngozi. Unakata kama maji. Unapita wenyewe. Ngazi alikuja kuuangalia, sasa hacheki.

Kwa hiyo bakia na nusu yako. Itumie kufungulia makopo.

Shoto


Jumanne, 8 Aprili

Shoto,

Hongera.

Hapa kwangu sare za shule zimelala mezani, vitambaa vimekunjwa, mwalimu mkuu amekuja amenitazama kwa huruma. Upande wangu nimeushika mkononi asubuhi nzima kama mtu mwenye kikombe anayesubiri kupewa kisahani. Baba yako alishauri nitumie wembe. Nimemtuma akanunue sukari, na sukari ipo.

Nilidhani utakuja. Ndiyo maana nilituma nusu. Nilikuwa nimeshatandika hadi kitanda, mashuka ya bluu, nimeyatoa tena leo.

Lakini wewe ni mwongo. Eti unakata kama maji! Mkono uliofungwa tangu utotoni haukati kama maji, hata ukiushikisha mkasi wa malaika. Mimi ndiye niliyepita njia hiyo, usinidanganye mimi. Unaanza vizuri, sivyo? Ukifika katikati mstari unaanza kukimbilia kulia. Kidogo kidogo, huoni, mpaka mwisho umetoka nje kabisa. Ni dole gumba. Unasukuma nalo badala ya kuliacha lipumzike, na kiwiko umekibana ubavuni kama umebeba kuku. Nani atakuambia hayo huko? Watu wako wote ni wa kulia.

Basi. Nilitaka ujue kwamba nimejua.

Wa nusu iliyobaki


Ijumaa, 11 Aprili

Kwa wa nusu iliyobaki,

Umejuaje kuku?

Nimetoka kwenye meza ya kukatia sasa hivi. Kiwiko kimebana, hivyohivyo. Mstari unakimbilia kulia, hivyohivyo. Nimeharibu turubai la majaribio lote, nikalificha chini ya mabaki ya sponji. Mkasi ni mzuri, mkono ni mjinga, na mwisho wa mwezi uko mlangoni. Nilikudanganya. Sikutaka ujue kwamba kushinda kwangu hakufanyi kazi.

Nilikwenda tena kwa mhunzi. Nikamwomba akufulie mwenzake wa upande wako kwa kukumbuka tu, maana si alishaushika mwenzake? Akanikemea. Kasema mkasi hautengenezwi kwa picha, lazima upande wa pili awe nao mkononi, ausugue, auzoee. Lori nalo halitafaa, kasema anataka mwenye mkono, apime vidole. Kwa hiyo ni wewe unayetakiwa kuja. Usione kama nakubembeleza. Nakueleza hali ya chuma.

Ukija, siku mbili za kukaa kwa mhunzi, na ukiwa hapo na huna kazi, unaweza kuangalia kiwiko changu. Kama utataka. Sikulazimishi.

Kuna kitu niliruka nilipokuwa nakutupia maneno. Niliruka makusudi. Kuna kipande cha Kiingereza, step, wanachokibandika mbele ya mama na mtoto kama sisi tunavyosema wa kambo, nilikiona siku ileile nyuma ya stendi. Kinafanana na neno lao la hatua, lakini hakihusu hatua. Zamani sana kilikuwa na maana ya kufiwa, kunyang'anywa. Na hakikuanza kwako, kilianza kwa mtoto. Mtoto aliyefiwa ndiye aliyekuwa na neno, halafu mwanamke akaja kukaa naye, likamrukia. Sikukuambia kwa sababu lilikuwa halikutukani. Letu la kambo nimemuuliza muuza vitabu limetoka wapi, kapekua kamusi zake zote, kakuna kichwa, hajui. Kasema labda tumelikuta tu, kama wewe ulivyokuta lako mlangoni.

Sijakusamehe utepe. Usije ukadhani. Na baba naye nina maneno yake, nayahifadhi.

Nimemwomba Misumari ruhusa ya kupokea mgeni, ameuliza nani anakuja. Ngazi naye kasimama anasikiliza, masikio kama milango. Nilikuwa na misumari mdomoni, nagonga kiti, siwezi kueleza mke wa baba, mara sijui kambo, mara Kilatini. Nikasema linalotamkika. Nikasema, Mama Shoto.

Usivimbe kichwa. Ilikuwa misumari.

Shoto


Jumatatu, 14 Aprili

Shoto,

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Sare nimeziomba zisubiri. Baba yako alitaka kuja, nikamwambia goti. Akasema goti limepona. Nikamwambia litauma.

Tafuta kitambaa cha kuharibu, kingi, cha mistari, si cha mteja. Kucha kata. Huo mkasi wako usiuguse mpaka nifike, unaufundisha tabia mbaya. Nitakushika kiwiko na nitakigonga kikibana, uniambie mapema kama utalia ili nije na leso.

Skrubu ya zamani nakuletea. Iwekwe kwenye wako. Mimi nitachukua hiyo mpya.

Mashuka ya bluu nimeyarudisha kitandani, lakini hilo ni la siku nyingine.

Na nikishuka kwenye basi, mbele ya hao watu wako, unipe mkono wa kushoto. Nikiona umetanguliza wa kulia, narudi na basi hilohilo.

Mama Shoto